Kuku wa kienyeji pia hufa na joto: nilivyomaliza kuku wa mama mkwe tukingoja mvua

Wakuu, hamjambo nyote. Wa kutoka Ukambani, mwi aseo?

Mimi huwa msomaji tu hapa. Napitia nyuzi za ufugaji nikiwa jikoni, nacheka na comments zenu, nafunga simu.

Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna mtu aliuliza juzi kama kuku wa kienyeji anaweza kufa kwa sababu ya joto. Karibu wote mlimjibu kwamba kienyeji ni ngumu, hiyo ni shida ya broiler, aache kudeka.

Mwaka jana hata mimi ningemjibu hivyo hivyo, tena kwa madharau kidogo.

Nitawasimulia kilichonipata jinsi kilivyokuwa. Sitajipamba. Pale nilipokuwa mjinga mtaniona nikiwa mjinga.

Mimi nilizaliwa Tala, nikaolewa Kola. Si Kola ya mlimani kwenye ubaridi, ni huku chini ambako jua likiamua kutoka linatoka kweli. Bwana yangu anafanya kazi Athi River na huja nyumbani Jumamosi. Siku zingine zote boma ni mimi, watoto wakiwa shule, na mama mkwe wangu, ambaye namuita Mwaitu, kama ninavyomuita mama aliyenizaa.

Mwaitu ana kuku. Au niseme alikuwa na kuku.

Walikuwa kumi na sita pamoja na jogoo. Hawakuwa wa biashara. Alipoolewa, mama yake alimpa mtetea mmoja aanzie maisha, na hawa wote wametoka kwa huyo mtetea, watoto wa watoto wa watoto. Ukoo haujawahi kukatika, kiangazi baada ya kiangazi, na Mwaitu ni mama wa miaka sabini na kitu sasa. Mama yake alishafariki zamani. Nadhani mnaelewa hao kuku walikuwa nini kwake.

Wengi wao walikuwa wale wa shingo tupu, wasio na manyoya shingoni. Siku ya kwanza nilipowaona nilidhani wana ugonjwa wa ngozi. Kusema ukweli wageni wakija nilikuwa nawaonea aibu. Yeye aliwapenda na alikuwa amewapa majina. Kuna mmoja aliitwa Chifu kwa sababu alikuwa mnene na hakutaka kusogezwa. Kuna mwingine aliitwa Mwalimu, huyo alikuwa anazunguka na vifaranga hata wasio wake.

Sasa, mwezi wa tisa dada ya bwana yangu anayeishi Kinanie akajifungua. Mtoto wa kwanza. Mwaitu akafunga virago kwenda kumsaidia, akasema atakaa miezi miwili hivi.

Aliniachia kuku. Hakunipa maelezo marefu, mimi ni mtu mzima na nimeishi naye miaka tisa. Alisema tu, "Nakuachia hawa. Uniangalilie."

Na kila jioni alikuwa anapiga simu. Anauliza watoto, anauliza ng'ombe, halafu anamalizia na kuku. Bila kukosa.

Nikapata wazo. Wakuu, mawazo yangu mazuri huwa yananitia hasara, lakini sikomi.

Kuku wa Mwaitu walikuwa wanalala kwenye kibanda cha zamani sana. Kimeinuliwa na miguu ya miti, kuta ni fito zenye nafasi katikati, juu ni nyasi. Kimeegemea upande, ukikiangalia unaona huruma. Nikamwambia bwana yangu tumjengee mama nyumba ya kuku ya kisasa, akirudi aikute. Iwe surprise.

Bwana yangu naye ni mtu wa mabati. Akaja na mabati yaliyobaki tulipoezeka nyumba, na fundi mmoja wa sokoni, na Jumamosi mbili kazi ikaisha. Mabati juu, mabati kando, mlango wa mabati wenye kufuli. Akaacha nafasi ya mkono mmoja hivi chini ya paa, akaweka waya. Hakuna cheche, yule mnyama mla kuku, atakayeingia humo, hakuna mwizi. Ilikuwa inang'aa hadi ukiwa barabarani unaiona.

Kile kibanda cha fito tulikivunja. Fito nilipikia githeri.

Kwa wiki ya kwanza hakukuwa na shida yoyote. Kuku walikuwa wanatoka asubuhi, wanazurura mchana, wanarudi kulala.

Ikafika mwezi wa kumi.

Kwa wale ambao si wa huku, niwaeleze kitu. Sisi hupanda kabla ya mvua. Unaweka mahindi na kunde kwenye vumbi kavu kabisa, unaacha hapo, mvua ikinyesha mbegu iko tayari ndani. Ukingoja mvua ndiyo upande umechelewa.

Lakini mbegu ikiwa kwenye vumbi, kuku anaichakura yote kwa asubuhi moja. Kwa hivyo kuna utaratibu ambao hata hauandikwi popote. Jirani akishapanda, unafungia kuku wako mpaka mahindi yaote. Ukikataa, huo ni ugomvi wa miaka.

Jirani yetu ni Mzee Mutisya. Shamba lake na letu yanagusana. Alikuja asubuhi moja, kofia mkononi, na heshima zake zote.

"Mama Mumo, mimi nimepanda jana. Nakuomba ufungie kuku."

"Hakuna shida, Mzee. Leo leo."

Nikawafungia siku hiyo hiyo. Kwa kawaida ni wiki moja, mbili zikizidi, mvua inakuja. Mwaka huo mvua ilikataa. Mawingu yalikuwa yanakuja saa kumi yanatuangalia, yanaondoka.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Asubuhi saa moja nafungua, naweka chakula, naweka maji kwenye sufuria kuukuu, nafunga. Jioni saa kumi na mbili naenda tena kuokota mayai. Katikati hapo niko shambani au kisimani, na kisima chetu si karibu.

Siku ya nne au ya tano mayai yakaanza kuwa madogo. Ganda jembamba, ukilishika vibaya linabonyea. Halafu yakapungua. Mmoja aliyekuwa ameatamia akaacha mayai yake yote na kusimama kando ya mlango.

Chakula nilikuwa nakikuta nusu. Maji nayo nayakuta hayajaisha, nikafurahi kwamba hawana kiu. Oneni akili hiyo.

Jioni ya siku ya sita nikakuta Chifu amekufa. Amelala kifudifudi, mabawa yametandazwa kama mtu aliyeanguka.

Simu ikalia. Mwaitu. Watoto wako aje, wako sawa. Ng'ombe aje, yuko sawa.

"Na kuku?"

Nilikuwa nimesimama na Chifu mkononi.

"Wako sawa, Mwaitu."

Nilijiambia ni kuku mmoja tu na alikuwa mnene. Nilijiambia pia kwamba nikianza kueleza, nyumba itatajwa, surprise itaharibika. Na yule mama yuko mbali na mtoto mchanga, ya nini kumpa mawazo. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilionekana za maana.

Siku mbili baadaye wakafa wawili.

Hapo nikajua ni ugonjwa. Mimi na akina mama wa kikundi chetu tukajadiliana kwenye WhatsApp, na kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema ni Newcastle inapita, kuku wa kwa dada yake wameisha. Mwingine akasema niwape kiluma, ile aloe vera yetu ya porini, niikate niloweke kwenye maji yao pamoja na pilipili. Wengi huku tunafanya hivyo kuku wakiugua, hata Mwaitu hufanya.

Nikafanya. Maji yakawa machungu na ya kuwasha. Mimi mwenyewe nilionja kwa ncha ya ulimi nikatema.

Halafu nikafanya kitu kibaya zaidi. Ili huo ugonjwa usipeperushwe kutoka kwa majirani, nikachukua magunia nikaziba ile nafasi ya waya chini ya paa. Nikapigilia misumari vizuri. Nilijiona mtu makini sana siku hiyo.

Wakuu, sitaki kuwaeleza zile siku zilizofuata moja moja. Walikufa mchana, kila jioni nakuta mmoja au wawili. Mwalimu alikufa akiwa amejibanza kwenye kona yenye kivuli zaidi, kichwa kimesukumwa ukutani. Huyo nililia. Sikujua mtu anaweza kulilia kuku, lakini nilikaa chini pale mlangoni nikalia kama nimefiwa.

Na kila jioni simu.

"Na kuku?"

"Wako sawa."

Kusema uongo kwa mara ya kwanza kuliniuma. Mara ya tano nilikuwa najibu kabla hajamaliza kuuliza.

Siku moja mchana, ilikuwa saa nane hivi, nimerudi kisimani mapema kwa sababu punda alikuwa anachechemea. Nikamkuta Mzee Mutisya amesimama kwa boma letu, ameshika mtetea mmoja wa shingo tupu. Kuku huyo alikuwa amepenya chini ya mlango mahali bati limeinuka, akaenda zake shambani kwa Mzee.

Nikajua leo nitasemwa. Nikaanza kuomba msamaha kwa mbali.

Yeye hata hakunisikiliza. Alikuwa anamgusa yule kuku chini ya bawa.

"Hii kuku iko moto sana. Nilipata imelala kwa kivuli ya mwembe wangu, mdomo wazi. Haikuchakura kitu. Unaweka wapi hizi kuku?"

Nikamuonyesha nyumba. Akaenda, akafungua mlango, akaingiza kichwa na mabega, akatoka haraka. Akavua kofia akajifuta uso.

"Ngai! Mama Mumo, mimi nilikuambia ufungie kuku. Sikukuambia uzipike."

Nikaingia mimi mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia humo saa nane.

Hewa ilikuwa nzito, inachoma puani. Niliweka mkono kwenye bati nikautoa. Nikaingiza kidole kwenye sufuria ya maji, na wakuu, yale maji ungeweza kumwogeshea mtoto asubuhi ya baridi. Ndiyo sababu yalikuwa hayaishi.

Kuku waliobaki walikuwa wamesimama mbali mbali, hakuna aliyemgusa mwenzake. Midomo wazi, koo zinapiga haraka haraka, mabawa wameyaachilia mbali na mwili. Hawakukimbia nilipoingia. Kuku wa kienyeji asiyekukimbia ujue mambo yameharibika.

Nilitoka baada ya dakika chache, nguo imeloa mgongoni. Wao walikuwa humo wiki mbili na zaidi.

Mzee Mutisya alinisaidia siku hiyo hiyo. Tukawatoa tukawaweka kivulini chini ya mwembe wake, yeye mwenyewe akakaa na fimbo kuwazuia wasiende kwenye mbegu. Tukaleta maji ya mtungi, tukawalowesha miguu na vichwa. Jogoo alikuwa amefika mbali, akafa hapo kivulini. Yule mtetea aliyetoroka na wenzake wanne wakaamka jioni.

Watano. Wanne kati yao ni wa shingo tupu, wale niliokuwa nawaonea aibu.

Nimesoma baadaye, na daktari wa mifugo wa huku akanieleza pia, kwamba kuku hatoki jasho. Anapoza mwili kwa kuhema na kwa sehemu zisizo na manyoya. Ile shingo iliyoniudhi ndiyo dirisha lake. Akihema sana hata ganda la yai linakuwa jembamba, na hamu ya kula inaisha. Wanene ndio hutangulia kufa. Nilimuuliza kama hiyo haikuwa Newcastle kweli, akasema dalili zingine hufanana, ndiyo maana mtu huita daktari badala ya kuuliza WhatsApp. Nilistahili.

Lakini kitu kimoja sikukisoma popote, nimekifikiria mwenyewe nikiwa napalilia.

Tunasema kienyeji ni mgumu. Ni mgumu kwa sababu anatembea. Jua likizidi anaenda chini ya kichaka, anachimba udongo wa baridi anajilaza, anahama na kivuli siku nzima. Anajitibu kwa miguu yake. Ukimfungia umemnyang'anya ugumu wote, na kinachobaki ni kuku tu kama broiler.

Na kile kibanda cha fito kilichoegemea, ambacho nilikiona cha umaskini, kilikuwa kinapitisha upepo pande zote nne. Miaka tisa nilikuwa namuona Mwaitu akifungia kuku humo wakati wa kupanda, na hakuna aliyekufa. Niliona bila kuangalia.

Turudi kwenye hadithi.

Mchana kuku walishinda chini ya ule mwembe mpaka mvua ikaja hatimaye. Tukatoboa mabati ya kando, nusu ukuta tukaweka waya, juu ya paa tukatandika nyasi. Hiyo yote ilikuwa kazi nzuri, imechelewa.

Simu bado zilikuwa zinakuja. Nilijiambia nitamwambia uso kwa uso. Kisha nikapata wazo lingine, la kwenda Tala siku ya soko nitafute kumi na mmoja wanaofanana nao. Nilifika hadi kwa wauzaji, nikaanza kuchagua kwa rangi. Nilipomshika mmoja wa kahawia aliyefanana na Mwalimu, nikaona haya. Nikamrudisha nikaenda nyumbani na vitunguu tu.

Mwaitu akarudi Alhamisi moja, bila kutuambia, na bodaboda. Nilikuwa naanika kunde za msimu uliopita. Alisalimia, akaweka mkoba, na kabla hata ya kuketi akaingia jikoni akachota mahindi kwa kiganja.

Akatoka nje akaanza kuwaita, ile sauti yake ya siku zote. Kuu, kuu, kuu.

Wakaja watano wakikimbia.

Hakumwaga mahindi. Akabaki amenyoosha mkono, akaangalia upande wa shamba, akaita tena. Akangoja. Akaita mara ya tatu, polepole zaidi.

"Ni hao tu, Mwaitu," nikasema.

Nikamwambia kila kitu. Nyumba, mabati, magunia, kiluma, Chifu, Mwalimu. Sikuruka kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa hata nimejiandaa akiniambia nirudi kwetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwaga mahindi, akapangusa viganja.

"Chifu alikufa lini?"

Nikamwambia. Wiki ile ya kwanza ya kuwafungia.

"Na hiyo siku jioni nilikupigia."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Ungeniambia hiyo siku, ningekuambia toa hao kuku nje saa hiyo hiyo. Mbegu ya Mutisya ningekuja kuipanda tena mimi mwenyewe."

Akaingia ndani akaenda kulala kidogo, safari ilikuwa imemchosha.

Nilibaki hapo na kunde zangu nikihesabu kichwani. Wakati Chifu anakufa walikuwa wamebaki kumi na tano. Yule mtu mmoja duniani aliyejua dawa ya hiyo shida, dawa ya neno moja, alikuwa ananipigia simu kila jioni kuniuliza, na kila jioni nilimwambia wako sawa. Joto liliua kuku kumi na mmoja, lakini ni mmoja tu ambaye naweza kusema sikujua. Wengine kumi ni wangu.

Basi, wakuu, mafunzo mtajichukulia wenyewe, mimi nasema haya mawili. Kama una mnyama umemfungia, ingia ukae naye mahali alipo saa ile jua limechacha, si asubuhi wakati kila mahali ni pazuri. Na aliyekuachia kitu chake akikuuliza kiko aje, mwambie kiko aje.

Ukoo haujakatika. Mzee Mutisya alitupa jogoo, na mwezi wa pili watetea wawili waliatamia, tuko na vifaranga tisa, watano shingo tupu. Mwaitu tunaongea vizuri. Tunacheka, tunapika pamoja, hajawahi kunitupia hilo jambo usoni hata siku moja.

Ila Pasaka alienda tena Kinanie kumuona mtoto, akakaa wiki nzima. Alipiga simu kila jioni kama kawaida yake. Akauliza watoto, akauliza ng'ombe. Halafu akasema, "Nipe Mumo," na mtoto wangu wa darasa la tatu ndiye aliyeulizwa kuhusu kuku.

Nawasikiliza. Wa Kitui, Makueni na Yatta mnaopanda kwenye vumbi kama sisi, kuku mnawaweka wapi mkingoja mvua? Na kama kuna aliyewahi kupoteza imani ya mkwe wake akairudisha, aniambie ilichukua muda gani.